Matuta ya Uluguru

Julai 1955, huko Matombo katika milima ya Uluguru, umati wa wakulima ulikusanyika kumkabili sultani wao pamoja na maofisa wa serikali ya kikoloni. Walikuwa wamechoshwa na matuta. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Ugomvi wote ulihusu matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kitu ambacho mkulima yeyote wa mlimani hata leo atakwambia kina faida.

Mimi nilisomea kilimo, nikafaulu, nikaajiriwa kuwa bwana shamba, na katika masomo yangu yote sikuwahi kusikia habari za Matombo. Tulifundishwa vipimo vya matuta, upana wake na umbali kati ya moja na jingine kulingana na mwinuko. Hakuna aliyetwambia kwamba huko, si mbali sana na mji wa Morogoro, watu waliwahi kupigana na serikali kwa sababu ya vipimo hivyohivyo. Ningeijua habari hii mapema, kuna makosa ambayo nisingeyafanya. Ndiyo maana naisimulia, hasa kwa vijana wanaokwenda vijijini na majina mazuri ya miradi midomoni.

Tuanze kwa haki. Serikali ile haikukosea kuhusu ugonjwa. Uluguru ni milima mikali inayopanda hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na upande wake unaotazama bahari hupata mvua nyingi sana, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingine. Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam, huanzia huko. Watu waliongezeka, misitu ikarudi nyuma, mashamba yakapanda miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa tahadhari, na udongo ukawa unashuka mtoni kila masika. Karibu miaka kumi na tano baada ya risasi ya Matombo, Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache iliikumba Mgeta, upande wa magharibi wa milima, na watafiti waliokwenda kuhesabu walikuta maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Penye msitu hayakuwa hata moja kwa mia. Hatari ilikuwepo, na wakulima wenyewe waliiona kabla ya yeyote.

Tatizo lilikuwa kwenye dawa, na zaidi kwenye namna ilivyonyweshwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uliandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukaanza kutekelezwa. Kiini chake kilikuwa matuta mapana yaliyosawazishwa, yaani kuukata mlima kama ngazi kubwa, kila kidato kikiwa shamba tambarare. Amri zilipitia kwa masultani na wajumbe wao. Asiyechimba alipelekwa barazani na kutozwa faini. Matuta yalikuwa yamefanya kazi kwingineko duniani, na wataalamu hawakuona kwa nini yashindwe hapa.

Ukichukua jembe ukaukata mteremko wa Uluguru ili upate kidato bapa, unafukua. Udongo mweusi wa juu, ule wenye rutuba, ni mwembamba. Chini yake kuna udongo mwekundu usiolisha mmea. Mchimbaji akiufukia ule wa juu na kuuacha wa chini wazi, amejitengenezea shamba jipya lenye njaa. Kwenye mteremko mkali wa mvua nyingi kuna ubaya mwingine: tuta linazuia maji yasitiririke, maji yanazama, udongo unalewa, na kipande kizima cha mlima kinaweza kumeguka na kushuka pamoja na mazao yake. Wakulima walipopanda kwenye matuta mapya walivuna kidogo kuliko jirani ambaye hakuchimba. Hilo liliwatosha. Mtu anayeishi kwa mahindi ya shamba moja hahitaji mwaka wa pili wa ushahidi.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba milima ile ilikuwa na utaalamu wake. Wakulima wa Mgeta walikuwa na njia ya kutengeneza vingazi vidogo kila msimu. Mkulima hupalilia magugu na nyasi, huyalaza kwa mstari kukata mteremko, kisha huvuta udongo wa juu kuyafunika. Majani yale huoza na kuwa mbolea palepale mzizi unapofika. Udongo mwekundu haufukuliwi. Kazi yake ni ya jembe moja na siku chache, na mwanamke anaweza kuifanya mwenyewe bila kungoja kikosi. Je, njia hii ilitosha kuuzuia mmomonyoko wote? Haikutosha. Lakini hapo ndipo utafiti ulipopaswa kuanzia: kuketi na mwenye kingazi, kupima kinazuia kiasi gani, kujaribu naye kukipanua, kukipandia majani ya kukishika, kukifukia samadi. Badala yake kingazi kilihesabiwa si kitu.

Yako pia mambo ambayo udongo haukuyaonyesha ila watu wangeyasema kama wangeulizwa. Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wengi walilima kwenye ardhi ya ukoo mwingine na kutoa ngoto, malipo ya kila mwaka ya kumtambua mwenye ardhi. Sasa fikiria unaambiwa uchimbe tuta la kudumu miaka mingi kwenye ardhi uliyoazimwa. Ukichimba, unamjengea mwingine. Au mwenye ardhi anaingiwa na hofu kwamba unataka kuichukua, maana atakayejenga cha kudumu kesho atasema ni pake. Na juu ya wote ilitanda hofu kubwa zaidi, kwamba serikali inapima na kukata milima ili hatimaye iseme ni yake. Hofu hizo hazikuwa ushamba wala ukaidi. Watu walisoma sheria zao sawasawa, na hakuna ofisa aliyekuja kuzisoma nao.

TANU, chama kilichodai uhuru, ilikuwa imezaliwa Julai 1954, mwaka mmoja kabla ya Matombo. Chama hakikuhitaji kutafuta maneno ya kuwaeleza Waluguru maana ya kutawaliwa. Matuta yalikuwa yameshaeleza. Baada ya risasi ile, shurti la kuchimba likaachwa, na mpango ukafifia.

Nashangaa kila ninapokumbuka kwamba yote haya yalitokea katika nchi iliyokuwa imetoka kupata fundisho kubwa la aina hiihii. Mwaka 1946 wataalamu watatu kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa yake Tanganyika. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ndiko walikoanzia. Ukame wa Ugogo, ambao Wagogo wanaupa majina yake mwaka kwa mwaka kama mtu anavyowataja jamaa zake waliokufa, haukuulizwa. Udongo wa Kongwa ukikauka hushikana kama saruji, na jembe la trekta liliuparuza tu. Zikayeyuka pauni milioni 36, na Januari 1951 mpango ukafungwa. Mgogo mmoja mwenye shamba la uwele angewapa jibu asubuhi moja, bila malipo.

Fundisho la pili ni zito zaidi kwangu, maana halihusu kushindwa. Kusini, katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa na ngoro zao. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika. Mteremko mzima hubaki na mashimo yaliyozungukwa na kingo, kama sega la nyuki. Mvua inaponyesha kila shimo hushika maji yake na udongo wake. Maharage hupandwa kwenye kingo, baadaye mahindi. Wazee husimulia kwamba njia hii ilikomaa pale babu zao waliposongamana milimani kukimbia mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kuishi kwa ardhi ndogo yenye miteremko mikali. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala juu ya jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Basi miaka zaidi ya kumi kabla ya kuingia Uluguru na amri, ilishaandikwa hadharani, mbele ya macho ya serikali, kwamba mkulima Mwafrika wa mlimani anaweza kubuni njia ya kuushika mlima bila kusimamiwa. Maofisa waliisoma kama habari ya ajabu ya kabila fulani. Hawakuisoma kama mwaliko wa kuwauliza Waluguru, "Na ninyi mna nini?"

Hasara ya kosa hili haikuishia mwaka 1955. Usambara nako, katika bonde la Mlalo, amri za matuta zilianza baada ya vita kuu ya pili na zikaleta uhasama uleule. Uhuru ulipokuja, maneno kama "hifadhi ya udongo" yalikuwa yameshanuka faini na baraza. Viongozi wapya, ambao baadhi yao walipanda jukwaani kwa kuyapinga matuta, wangewezaje kesho yake kuwaambia watu wachimbe? Miaka mingi ilipotea. Udongo uliendelea kushuka mtoni, na jambo jema lilikuwa limechafuliwa jina na waliolileta.

Ila nenda Mgeta leo. Utakuta matuta mapana, yaliyosawazishwa, yakibeba kabichi, karoti, maharage na viazi mviringo vinavyopelekwa hadi sokoni Dar es Salaam. Hayako kila mahali. Yako pale ambapo mkulima ana kijito cha kumwagilia, ana samadi ya kurudisha rutuba, na ana mboga inayolipa jasho la kuchimba. Penginepo ameendelea na kingazi chake cha majani. Hakuna aliyemtuma. Alipoachwa ajaribu, alilichukua tuta la mzungu, akaliweka linapofaa na kuliacha lisipofaa. Kosa la miaka ya 1950 lilikuwa kumnyang'anya mwenye shamba haki ya kujaribu.

Nimesema kuna makosa yangu mwenyewe. Nitaje moja.

Nikiwa bado mgeni kazini, nilipewa kusimamia shamba darasa la mradi mmoja katika kijiji cha tambarare. Tulikuwa na aina tatu za mahindi, na karatasi za mradi zilisema utafiti huu ni shirikishi: wakulima watachagua. Siku ya shamba walikuja wengi, wakasaini daftari la mahudhurio, wakapewa soda na nauli. Walipita kwenye mistari wakiweka kokoto kwenye makopo kuonyesha aina waliyoipenda. Mama mmoja mtu mzima alipita mistari yote mitatu, akasimama, akaniita.

"Mwanangu, na ile yetu mmeipanda wapi?"

Nikamjibu kwa adabu, "Shikamoo mama. Ile ya kienyeji hatukuiweka, kwa sababu tunaijua."

"Marahaba. Mnaijua ghalani?"

Sikuwa na jibu, nikatabasamu na kumwonyesha kopo. Akaweka kokoto yake, akaondoka. Swali lake sikuliandika popote, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya swali la mkulima.

Msimu uliofuata waliopanda mbegu yetu walivuna magunia mengi kuliko kawaida. Tulipiga picha. Baada ya miezi michache dumuzi waliyamaliza yale mahindi ghalani. Punje zake zilikuwa laini na maganda yake hayakufunga vizuri ncha, na dumuzi hawahitaji mlango mkubwa. Yale ya kienyeji, magumu ya punje, yaliwafikisha watu karibu na mavuno mengine. Mwaka wa tatu wengi walirudia mbegu yao. Wachache walifanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewafundisha: walipanda mbegu yetu kipande kidogo karibu na barabara, wakaivuna mapema na kuiuza mbichi, na yao wakaiweka kwa ajili ya ghala. Huo ulikuwa ubunifu kamili, nao ulikuwa matokeo bora kuliko yote ya mradi ule. Haukuingia kwenye ripoti. Kilichoingia ni sentensi inayosema wakulima wa eneo hili ni wagumu kubadilika, na sentensi hiyo niliiandika mimi.

Ninapofikiria Matombo, nafikiria pia fomu ile. Hatuna tena faini wala baraza la sultani. Tuna posho, fulana na daftari la mahudhurio. Mkulima hapigwi, anashirikishwa, na kushirikishwa kwenyewe mara nyingi ni kuitwa kuja kuthibitisha tulichokwisha kuamua. Tabia ni ileile, imebadilisha sauti tu.

Kazi hii inaweza kufanywa vizuri, na imefanywa. Kuanzia mwaka 1988, katika kituo cha utafiti cha Rubona nchini Rwanda, watafiti wa maharage waliwaita wanawake waliosifika vijijini kwa kuyajua maharage waje kituoni, waone aina nyingi zikiwa bado kwenye majaribio, kabla wataalamu hawajazichuja. Wakulima wa Rwanda walizoea kupanda mchanganyiko wa aina nyingi katika shamba moja, kwa hiyo wanawake wale walikuja na macho yaliyozoea kulinganisha. Walitazama mambo ambayo mizani ya kituo haikuyapima, kwa mfano kama mmea utavumilia kivuli cha migomba, maana huko nyumbani maharage mengi hulimwa chini ya migomba. Walichagua, wakaenda kupanda kwao. Aina walizochagua zilifanya vizuri mashambani mwao kuliko zile zilizozoeleka kuchaguliwa na watafiti peke yao. Watafiti hawakudharaulika kwa hilo. Bila wao mbegu zile zisingekuwepo kituoni. Waliacha tu kuchagua kwa niaba ya mtu aliye hai, mwenye akili, anayepatikana kwa mwendo wa basi.

Dodoma nako, katika kijiji cha Chololo, mkulima alibuni vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji ya mvua haba, vilivyopangwa kwa mistari, sentimita 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mstari na mstari. Ndani huwekwa samadi au majivu na mabua, kisha mtama au uwele. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na programu iliyofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda kwa mtindo wa kinyume: kwanza kuwatafuta wakulima waliokwisha kubuni kitu, kuwakutanisha wao kwa wao, halafu ndipo wataalamu waje kupima na kuongeza wanachokijua. Mashimo ya Chololo yalijulikana kwa njia hiyo, yakapewa jina la kijiji chake. Wakulima walitembeleana, na mkulima aliyemwona mwenzake na shamba lake hahitaji kushawishiwa kwa fulana.

Naomba mwangalie tofauti ilipo. Haiko kwenye upole wa lugha wala wingi wa mikutano. Iko kwenye maswali matatu ambayo kila mradi unaweza kuulizwa na ukashindwa kujificha. Nani aliuliza swali la utafiti? Nani anaweza kusema hapana jaribio likiwa bado changa? Na nani ameshika fedha? La tatu ndilo gumu. Pamekuwepo mifuko midogo, katika nchi kadhaa za Afrika, ambayo wakulima wenyewe huamua ni jaribio gani lilipiwe na ni mtaalamu gani aitwe kusaidia. Kiasi chake ni kidogo, lakini nguvu yake ni kubwa, kwa kuwa mtaalamu anayeitwa huja akiwa amesikiliza. Anayejileta mwenyewe mara nyingi huja na kokoto na makopo.

Najua watakaonijibu kwamba mkulima naye hukosea, na kwamba kuna magonjwa ya mimea asiyoyaona kwa macho. Ni kweli. Kingazi cha Mgeta hakikuzuia maporomoko ya 1970. Mkulima anakosea, mtafiti anakosea, ila mkulima akikosea anakosea kwa robo ekari na anarekebisha msimu ujao. Mtaalamu mwenye amri hukosea kwa milima mizima.

Wewe bwana shamba, bibi shamba, mtafiti uliyepata ruzuku yako ya kwanza: kesho ukipima mistari ya majaribio, mstari wa kwanza upande mbegu yao, au utengeneze kingazi chao, kwa mkono wao na kwa namna yao. Kisha chukua kalamu uandike kila swali watakalouliza, hata kama fomu haina nafasi. Mama yule wa shamba darasa langu hakuwahi kupata jibu lake.